Ada ya Klabu na Daftari la Nyumbani: Jumamosi Yetu ya Posta mpaka Jangwani

Kama wewe na mwenzi wako mna daftari la matumizi ndani ya nyumba, basi unajua linavyoweza kuleta maneno kuliko hata mawifi. Letu lina jalada la bluu na hukaa juu ya friji. Tulilianzisha tulipoamua kumalizia kijumba chetu cha Goba. Kila shilingi inayotoka inaandikwa, na mwisho wa mwezi tunakaa mezani tunajumlisha.

Mwaka jana ulipoisha, mimi mhasibu nikajumlisha mstari mmoja ulioandikwa "Klabu" kwa mwandiko wa mume wangu. Miezi kumi na miwili, shilingi 412,000. Nikayaona mabati yangu pale pale. Nikamuuliza, "Baba, hivi hii Simba inakulisha?"

Hakupandisha sauti. Akarudi nyuma mpaka ukurasa wa Januari, akaweka kidole kwenye mstari wangu: jimu, shilingi 900,000, imelipwa yote kwa mpigo. "Umekwenda mara ngapi?" Jamani, mara kumi na nne. Sikuhitaji kikokotoo kujua kwamba kila nilipokwenda kutoka jasho ilinigharimu zaidi ya shilingi 64,000.

Hapo pakachimbika. Yeye anasema jimu ni hela ya kutupa, mimi nasema mpira ni hela ya kutupa. Nikatoa silaha yangu ya mwisho, marehemu baba. "Baba yangu alikuwa Yanga wa kadi, siyo wa kelele. Alilipa ada yake akanyamaza. Hakuwa na michango ya safari, hakuwa na malalamiko. Kadi yake ninayo."

Mume wangu akafunga daftari. "Jumamosi twende kwa miguu, Posta mpaka Jangwani. Uzione klabu za mji huu. Tukirudi bado unaona hela inapotea, nafuta mstari. Na hiyo kadi ya mzee ibebe."

Nikakubali. Wewe ungekataa?

Posta: klabu zenye geti

Tulishuka kwenye mwendokasi Posta ya Zamani saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Jumamosi mji unakuwa mpole, ofisi zimefungwa, na unaweza kusimama barabarani ukaangalia majengo bila kusukumwa.

Kituo cha kwanza kilikuwa jengo la zamani upande wa bahari, lililokuwa Dar es Salaam Club wakati wa Waingereza. Maofisa wa serikali na mabwana wa makampuni walikaa barazani humo wakinywa na kutazama meli. Mwafrika aliingia humo kubeba trei. Baadaye jengo likawa chuo cha hoteli na utalii. Vijana wetu wakafundishwa huduma pale pale ambapo babu zao walihudumu bila kupewa kiti.

Tukapanda mpaka Ghana Avenue, ilipo Gymkhana. Hii bado ni klabu hai, ina gofu, tenisi, kriketi na majani ya kijani ambayo katikati ya jiji ni anasa peke yake. Nayo zamani ilikuwa ya Wazungu. Siku hizi rangi siyo kigezo, ila inabaki klabu ya wanachama, na asiye mwanachama analiona geti kabla ya majani. Tulisimama upande wa pili wa barabara tukiangalia watu wakiteremsha mifuko ya gofu.

"Hapa wanalipia nini?" mume wangu akauliza.

"Majani," nikamjibu. "Majani, bwawa, na kukutana na watu wa kufanya nao biashara."

"Na wakilipa wakaridhika?"

"Wanakuja tena mwakani."

"Kama wewe na jimu yako." Nikamnyamazia. Lakini hoja yake niliielewa. Kuna klabu ambayo ada yake ni kama nauli, unalipa, unapata huduma, basi. Usiporidhika unashuka kimya kimya kituo kinachofuata. Mimi jimu sikuwahi kuwaambia lolote. Niliacha tu kwenda.

Kuvuka Mnazi Mmoja

Kutoka Posta kwenda Kariakoo unavuka historia yote ya Dar kwa mwendo wa nusu saa. Wajerumani walichora, Waingereza wakaendeleza: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini katikati, halafu sehemu ya Waafrika. Ukipita Kisutu na mitaa ya Jamhuri na Indira Gandhi bado unaona ghorofa za zamani zenye vibaraza vya mbao, maduka chini, familia juu. Jumuiya zenye asili ya India nazo zilikuwa na vilabu vyao, kila jumuiya na chake, kwa kriketi, harusi na misiba.

Halafu unafika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na mbele yako ni viwanja vya Mnazi Mmoja. Eneo hili liliachwa wazi makusudi, liwe ukanda wa kutenganisha upande wa Waafrika na mji mwingine. Sisi leo tunapumzika hapo chini ya miti tukinywa maji ya madafu, bila kukumbuka kwamba uwanja huu ulikuwa ukuta.

Jina la barabara lenyewe lina habari ya uanachama ndani yake. Kabla ya siasa, Bibi Titi alikuwa mwimbaji kwenye kikundi cha ngoma. Dar ya wakati ule ilijaa vikundi vya namna hiyo, vya ngoma, vya taarabu, vya dansi, na kila kimoja kilikuwa na viongozi, michango na watu wa kuzikana. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kwenye nyumba ya chama iliyokuwa mtaa unaoitwa sasa Lumumba, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja, Mwalimu Nyerere akawa na kadi namba 1. Mwaka uliofuata Bibi Titi akaanza kuwaandikisha wanawake, na njia yake ilikuwa hivyo hivyo vikundi vya ngoma. Mtu aliyekwishazoea kuchangia kikundi na kusema neno lake kikaoni hakuhitaji kufundishwa maana ya kadi.

"Unaona?" mume wangu akasema. "Hawakununua huduma hao."

Nikamwambia asilinganishe Uhuru na jezi. Akacheka.

Msimbazi: aliyechukizwa akajenga kwake

Ukivuka Lumumba, mji unabadilisha sauti. Hapa ni Kariakoo, jina lililobaki kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, ambalo midomo yetu ililigeuza. Mikokoteni inapiga kelele, wamachinga wanaita "dada, njoo uone," mtu na mzigo kichwani anakwambia "pisha" na ukichelewa ni shauri yako. Soko lenyewe, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa 1975, likaungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Lakini Kariakoo ni zaidi ya jengo. Hata soko lilipofungwa baada ya moto, mitaa iliendelea kuuza.

Tukashika mtaa wa Msimbazi mpaka makao makuu ya Simba. Ukitegemea uzuri wa Gymkhana utasikitika. Ni jengo la ghorofa katikati ya maduka, limezungukwa na watu wanaouza jezi, bendera na vifuniko vya simu. Hakuna bwawa. Hakuna majani. Kuna vijana wamesimama chini wanabishana kuhusu beki wa kulia kana kwamba wameajiriwa kwa kazi hiyo.

Hapo mume wangu akanipa hesabu yake, na nitakuwa muungwana niiandike kama ilivyo. Katika zile shilingi 412,000, ada ya uanachama ya mwaka haikufika hata malipo ya mwezi mmoja wa jimu yangu. Zilizobaki zilikuwa za tawi lake la mtaani na mapenzi yake mwenyewe: basi la kwenda mechi mikoani, jezi mbili, mchango wa harusi ya mwenzao, na misiba mitatu.

"Kwa hiyo ada ndiyo ndogo kuliko yote," nikasema.

"Ndogo. Lakini bila hiyo mimi ni shabiki tu. Ada ndiyo inanipa mkutano mkuu."

Mimi nilikulia nyumba ya Yanga, kwa hiyo habari za Simba nilizisikia kama habari za jirani mkorofi. Siku hiyo ndipo nilipozipanga vizuri kichwani. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka mmoja tu baadaye, 1936, baadhi ya watu wake hawakuridhika, wakatoka, wakaunda timu yao. Ikapitia jina la Queens, ikaitwa Sunderland, na 1971 ikawa Simba. Kwa maneno mengine, utani wote huu wa jadi, unaojaza viti 60,000 vya Uwanja wa Mkapa na kununisha watu kwenye nyumba za wapendanao, ulianza na wanachama wasioridhika.

Na haikuwa mara ya mwisho kwa wanachama kushika usukani. Desemba 2017, wanachama wa Simba walikutana kuhusu kubadili mfumo wa klabu, na Mohammed Dewji akatangazwa mshindi wa zabuni ya asilimia 49 ya hisa kwa shilingi bilioni 20. Asilimia 51 zilitakiwa kubaki kwa wanachama. Yanga nao wakapitisha mabadiliko yao Juni 2021, na Julai 2022 wakamchagua Hersi Said kuwa rais wa klabu. Unaweza kuyapenda mabadiliko hayo au kuyachukia. Mume wangu ana siku anayapenda na siku anayachukia. Lakini tajiri mwenye mabilioni alilazimika kusubiri mikono ya watu wa Msimbazi inyooshwe juu.

"Mara ya mwisho umeridhika na klabu yako lini?" nikamuuliza.

Akafikiri kweli. "Kuridhika kabisa? Sijawahi."

"Sasa unalipia nini?"

"Nalipia nisiambiwe nikae kimya."

Jangwani: muhuri wa mwisho

Kutoka Msimbazi mpaka Jangwani si mbali. Unakatiza mitaa ya Kariakoo mpaka kona ya Twiga na Jangwani, maduka yanapungua, na unaliona jengo la Yanga, ukingoni kabisa mwa bonde la Mto Msimbazi. Mvua kubwa zikinyesha bonde lile linajaa, na wanaolijua wanalitazama kwa heshima. Kando ya jengo ni uwanja wa mazoezi wa zamani, unaoitwa Kaunda.

Mume wangu alivaa fulana nyeupe isiyo na alama yoyote. Hakuwa mjinga.

Palikuwa na wazee wanne kwenye benchi, muuza kahawa mbele yao, kashata kwenye sahani ya bati. Nikaamkia, "Shikamooni wazee wangu." "Marahaba, mwanangu, karibu kahawa." Tukakaa. Kahawa ya Kariakoo ni chungu, kikombe kidogo, na kashata ndiyo inakuokoa. Mazungumzo niliyoyakuta yalikuwa ya moto: hesabu za klabu zisomwe lini, matawi yana sauti kiasi gani siku hizi, kijana fulani amesajiliwa kwa lipi. Kila mmoja analalamika, na kila mmoja anafurahia kulalamika.

Nikatoa kadi ya baba. Alifariki 2015. Kadi niliikuta kwenye kopo la biskuti pamoja na cheti chake cha ndoa, na tangu hapo nimeiweka kama ilivyo, sikuwahi kuifungua vizuri kwa kuogopa kuichana. Picha ndogo, kijana mwenye afro ambaye mimi sikumkuta. Mzee mmoja akavaa miwani, akaipokea kwa mikono miwili.

"Alikuwa tawi gani?"

Sikujua.

"Alikuwa anakaa wapi?"

"Magomeni, mzee."

Akatikisa kichwa, hakumkumbuka. Halafu akaifungua taratibu, akafuata mihuri ya ada kwa ukucha wake. Akasimama. Akampa mwenzake aone, mwenzake akatoa kicheko kifupi.

"Mwanangu, muhuri wa mwisho hapa ni 1975. Huyu alikwenda Pan."

Kama hujui, msomaji wangu, katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka. Wachezaji na wanachama waliotofautiana na wenzao wakatoka wakaanzisha Pan African, timu iliyokuja kutwaa ubingwa wa Bara mwaka 1982. Ndugu waligombana, marafiki hawakusalimiana. Na baba yangu, yule ambaye nimemtumia kwenye ugomvi wangu kama mfano wa mwanachama aliyelipa akanyamaza, inaonekana hakunyamaza hata kidogo. Alikuwa na miaka 25. Alichukizwa na kitu, akaacha kulipa, akaondoka.

"Lakini mzee, mimi nimemkuta ni Yanga," nikasema. Nilisikia sauti yangu inataka kukatika. "Redio ikitangaza mechi ya Yanga tulikuwa haturuhusiwi kupita mbele yake."

"Wengi walirudi, mwanangu. Wengine walirudi na mapenzi, kadi hawakurudia." Akaikunja kadi na kunirudishia. "Mapenzi hayana ada. Kura ndiyo ina ada."

Mume wangu aliangalia chini kwenye kikombe chake. Angeweza kunicheka, maana silaha yangu ilikuwa imenigeukia hadharani. Hakucheka. Akaagiza kahawa nyingine ya benchi zima, akalipa, na wazee wakamuombea dua wakidhani ni mwenzao.

Kurudi nyumbani

Tulitembea mpaka kituo cha Jangwani bila maneno mengi. Nilikuwa nawaza maswali ambayo sasa hayana wa kujibu. Kitu gani kilimuudhi? Alisimama kikaoni akasema, au aliondoka kama mimi nilivyoiacha jimu? Na baada ya kurudi na mapenzi yake, kwa nini hakurudia kadi? Labda alikuwa na watoto, na mama naye alikuwa na daftari lake kichwani.

Jioni tulikaa mezani. Jimu nimeifuta. Nafasi yake nimeweka matembezi ya Jumamosi, ambayo gharama yake ni nauli na kahawa. Mstari wa "Klabu" tumeupasua vipande viwili. Ada inabaki, hiyo sitaigusa tena. Safari na jezi zimewekewa kikomo cha mwaka, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaja kiasi. Michango ya misiba hatukuiwekea kikomo. Alinikumbusha watu waliokuja kushika jembe siku ya kumzika baba, ambao mimi mpaka leo siwajui majina.

Nilijifunza jambo ambalo pengine litakufaa na wewe. Tunapogombana juu ya hela ya mwenzetu, mara nyingi tunauliza "unapata nini?" Kwa jimu, swali hilo ni sahihi. Kwa mahali ambapo mtu anataka kuwa na neno, swali linapungua. Muulize, "Pale wanakusikiliza?" Na ukishamuuliza hilo kuhusu klabu, jiandae aulize hilo hilo kuhusu nyumbani.

Chini ya mstari wake wa ada nimeandika mstari mpya kwa mwandiko wangu: "Ada, Yanga, mimi." Kiasi bado sijajaza. Mume wangu aliuona, akasoma mara mbili, akasema tu, "Basi friji tutaipaka rangi gani?"

DONDOO KABLA HAMJALIPA ADA YOYOTE

• Someni katiba ya klabu pamoja. Angalia kama kura yako ni ya moja kwa moja au inapita kwa wajumbe wa tawi.

• Tofautisha ada na gharama zake zote. Safari, sare na michango huzidi ada bila kupiga hodi.

• Kwa jimu na klabu za huduma, lipa kwa mwezi kwanza. Ukishazoea ndipo ulipe ya mwaka.

• Tunza risiti na lipa kwa wakati. Asiye na ada hai mara nyingi hana kura.

• Usiporidhika, sema kabla ya kuondoka.

UKITAKA KUTEMBEA KAMA SISI

Anza Posta ya Zamani mapema Jumamosi, pitia Kisutu, Mnazi Mmoja, Lumumba na Msimbazi, malizia Jangwani. Vaa viatu vya chini, simu iwe mfuko wa mbele, na beba chenji ya kahawa. Kama mmoja wenu ni Simba na mwingine Yanga, vaeni nyeupe.